Shukrani kwa kaka wa kwenye pampu ya upepo

Kaka uliyenikuta kwenye pampu ya upepo wa matairi na kigari changu kidogo, jina lako sikulipata, lakini asante sana.

Mwingine angejaza tu akaondoka. Wewe ulifungua mlango wa dereva ukanionyesha stika ya kipimo cha upepo kwenye nguzo yake: matairi ya mbele psi 33, nyuma 32, na safu nyingine ya siku gari likijaa watu na mizigo. Ile namba ya upepo iliyochongwa ubavuni mwa tairi, ukasema, ni ukomo wa tairi lenyewe, si kipimo cha gari. Ukapitisha kidole kwenye meno: upepo ukipungua huliwa kingo zote mbili, ukizidi huliwa katikati. Ya kwangu yalikuwa yameliwa kingoni, nikayaona kwa macho yangu.

Na kwamba nipime kabla ya kuendesha, tairi likiwa baridi, kwa sababu likishatembea joto hupandisha kipimo. Hilo hakuna fundi aliyewahi kuniambia, na nimepita kwa mafundi wengi!

Usukani sasa ni mwepesi. Spea nayo nimeikagua, ilikuwa karibu tupu. Mungu akuzidishie, kaka.