Kwa mwanangu anayekwenda Ubundu

Mwanangu mpendwa,

Ukifika Kisangani watakuonyesha maporomoko ya Wagenya na kukwambia hayo ndiyo Boyoma. Boyoma ni maporomoko saba ya mto Kongo, na hayo ni ya saba tu, ya mwisho. Mengine sita yako juu ya mto, yametawanyika karibu kilomita 100 mpaka Ubundu, na mto unavuka ikweta humo humo.

Usitazamie ukuta mrefu wa maji kama wa Victoria. Kati ya Ubundu na Kisangani mto unashuka mita 60 hivi kwa jumla, lakini hakuna poromoko linalozidi mita 5. Ufupi huo ndio unaowaponza watu. Mto mzima unabanwa katikati ya miamba. Chini ya kila poromoko maji yanajigeuza na kurudi nyuma, na mtumbwi ulionaswa hapo unazungushwa mpaka ujae. Nakuomba sana, usikubali njia ya mkato ya majini, hata nauli iwe rahisi namna gani.

Ndiyo sababu reli ya kilomita 125 kati ya Ubundu na Kisangani ilijengwa, ikakamilika mwaka 1906. Shehena ya meli kutoka Kindu hushushwa Ubundu, hupanda treni, kisha hushushwa tena kuingia meli ya Kinshasa. Funga mizigo yako kwa kuhesabu mapokezano hayo: vifurushi vidogo, vinavyobebeka na mtu mmoja. Stesheni ya Kisangani iko Lubunga, ng'ambo ya kushoto, na mji wenyewe uko kulia. Kwa hiyo weka akiba ya nauli ya kuvuka mto na muda wa kutosha.

Ukifika kwa Wagenya, wavuvi wa maporomoko hayo ya mwisho, angalia hasa miguu ya nguzo zao za kuvulia. Zimechomekwa katika mashimo ya mwamba, zikaunganishwa kwa miti ya kulala na kamba za msituni. Migono mikubwa, yaani mitego ya samaki kama vikapu, mipana mdomoni na myembamba mkiani, inaning'inizwa mdomo ukielekea maji yanakotoka. Samaki hashikwi na chambo. Anasukumwa ndani, na nguvu ile ile ya maji inamzuia kutoka. Mgono ukigeuka ubavu, kazi imepotea, kwa hiyo kamba hukaguliwa kila mara. Mafuriko nayo hung'oa nguzo, zikasimamishwa upya.

Ukisogea kuwatazama, kanyaga mwamba mkavu. Ule wa kijani una utelezi, na mkondo uko hatua mbili tu.

Baba yako