Bata wa Louisiana hawamalizwi na bunduki

Mhariri,

Bata-mwitu wakipungua Louisiana, Marekani, lawama huwaangukia wawindaji. Tazameni kinamasi kwanza. Tangu 1932 jimbo hilo limepoteza takriban kilomita za mraba 4,900 za ardhi ya pwani. Kingo zilizojengwa kandokando ya mto Mississippi huzuia tope kufika kinamasini, nayo mifereji iliyochimbwa na kampuni za mafuta huingiza maji ya chumvi. Majani yakifa, mizizi haishiki udongo; panabaki maji matupu. Bata wanaoinamisha kichwa bila kupiga mbizi hula vizuri kwenye kina cha sentimita 10 hadi 25. Kikizidi sana, mbegu hawazifikii. Kikomo cha bata sita kwa kila mwindaji kwa siku hakioteshi nyasi! Tope ndilo dawa, na inauma kwamba mradi wa Mid-Barataria, uliokusudiwa kulirudisha, ulifutwa 2025.

Wasomaji wenu