Jicho la pweza mmeliacha wapi?

Ndugu Mhariri,

Nimewasoma miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari, lakini ile taarifa yenu ya mhadhara wa jicho imenishinda. Eti jicho la binadamu limesanifiwa bila dosari, eti "sayansi ya kisasa" imethibitisha, na sisi tunaofundisha evolusheni, yaani viumbe kubadilika kidogokidogo kizazi hadi kizazi, tunapotosha watoto. Ya kisasa ipi? Hoja hiyo aliiandika kasisi wa Kiingereza, William Paley, mwaka 1802. Na huko Marekani, mwaka 2005, Jaji John Jones wa Pennsylvania aliamua katika kesi ya shule za Dover kwamba hoja ya viumbe kusanifiwa si sayansi, ni dini. Mwandishi wenu hakuligusa.

Matokeo yake nimeyabeba mimi. Mzazi mmoja wa kidato cha nne alinivamia ofisi ya walimu na kipande cha gazeti lenu mkononi, akitaka mada ya evolusheni irukwe. "Mwalimu, gazeti limeandika, wewe nani?" Sikubishana naye. Nilichora msalaba kwenye karatasi, na kulia kwake, kama sentimita nane hivi, nukta nene. Nikamwambia: fumba jicho la kushoto, ukodolee msalaba, sogeza karatasi taratibu. Ilipofika kama sentimita thelathini toka usoni, nukta ikapotea. Akarudia. Ikapotea tena. Ilikuwa imeangukia doa pofu, yaani mahali jichoni pasipoona, neva zinapotobolea kwenda kwenye ubongo, kwa sababu katika jicho letu zimetandazwa mbele ya chembe zinazopokea mwanga, zikajizibia njia zenyewe. Kwa pweza zimepita nyuma, hana doa pofu. Kwa hiyo kama kila jicho lilichorwa na fundi kwenye karatasi, inaelekea fundi huyo alimpendelea pweza. Mzazi yule akaniambia hayo ni mazingaombwe, akaondoka na karatasi yangu.

Kabla hamjaniita kafiri: mimi ni mzee wa kanisa, na evolusheni haijawahi kunizuia kutoa sadaka.

Mwandishi wenu anauliza ni nani aliyewahi kuona viumbe vikibadilika. Amuulize yeyote aliyemeza klorokwini akajikuna usiku kucha. Iliponya kweli, mpaka vimelea vya malaria vilivyostahimili vikabaki vikizaana, na mwaka 2001 serikali ikaiweka kando ikaleta dawa nyingine, SP. Nayo ikaelemewa, tukaja kwenye dawa mseto. Hayo yametokea hapahapa, gazeti lenu likiwa linachapwa.

Halafu ukurasa wenyewe! Taarifa ya "sayansi" mmeibana juu ya safu ya nyota, na chini ya nyota kuna tangazo la mganga anayerudisha wapenzi. Mimi wa Mizani niliahidiwa fedha kutoka mbali. Mpaka leo.

Ushauri wangu ni huu. Mtumeni mwandishi wenu alfajiri kwenye soko la samaki la Deep Sea, anunue kichwa cha pweza, apitie na buchani achukue jicho la ng'ombe, ambalo limepangwa kama letu. Ayapasue yote mawili kwa wembe mpya, si wa kunyolea ndevu, na mchapishe picha sambamba. Nafasi ipo, ondoeni nyota. Risiti ya pweza nileteeni, nitailipa.

Mwalimu wa Baiolojia,
Tanga