Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TBC: waliomtangulia mjusi wa Tendaguru

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria wa Lindi, anajulikana hadi kwa watoto wa shule ya msingi. Wanyama wa bonde la Ruhuhu, kule Ludewa na Songea, waliomtangulia kwa miaka milioni 100 hivi, hawana anayewataja. Tunaomba shirika liwatengenezee makala, na tunakutajia mapema mahali ambapo kazi za namna hii huharibika.

Kosa la kwanza ni nyasi. Mpiga picha huchagua mbuga inayopendeza, kisha wachoraji wa kompyuta wakamweka mnyama wao humo. Miaka milioni 255 iliyopita hapakuwa na nyasi, wala maua, wala ndege. Rekodini Septemba au Oktoba, wakati wa kiangazi, ndani ya makorongo, kamera ikiwa chini, pembeni pasionekane kitu ila mwamba. Miti iwe glosopterisi; misitu yake ndiyo iliyotuachia makaa ya mawe ya Ngaka na Mchuchuma. Fundi sauti naye asiongeze mlio wa ndege hata mmoja. Upepo na maji vinatosha.

Kosa la pili ni kumwita kila mnyama dinosaria. Gorgonopsi, mwindaji mwenye chonge ndefu, na disinodonti, mla majani mwenye mdomo mgumu kama wa kasa, ni wa ukoo uliokuja kuzaa mamalia. Wako karibu na sisi kuliko na mjusi yeyote. Disinodonti asichorwe akitafuna kama ng'ombe: taya lake la chini lilikata likirudi nyuma. Taya la Inostrancevia, gorgonopsi aliyezoeleka kutoka Urusi, limetambuliwa kwenye miamba hiyo ya Ruhuhu mwaka 2024. Habari kama hiyo haistahili kupitishwa kwa sekunde 10.

Namba kubwa humtoka mtazamaji mara tu zikitajwa. Nunueni kamba ya mita 3, kila sentimita iwe miaka milioni moja. Zinjanthropus wa Olduvai hafiki sentimita 2. Dinosaria wanatoweka kwenye 66, Tendaguru iko 150, gorgonopsi 255. Mtangazaji aifuate kamba polepole, picha isikatwe.

Msiache miamba ya Manda, iliyolala juu ya ile ya gorgonopsi, yaani ya baadaye zaidi. Mifupa ya Teleocrater, ndugu wa mapema wa dinosaria, ilichukuliwa huko mwaka 1933, ikakaa London, na mnyama akatangazwa rasmi 2017, baada ya mingine kupatikana Ruhuhu 2015. Alitembea kwa miguu minne, kifundo chake kama cha mamba. Msimsimamishe kwa miwili.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, kwa hiyo awepo ofisa wa Mambo ya Kale tangu siku ya kwanza. Mfupa upigwe picha ulipo, rula ikiwa pembeni, usinyanyuliwe kwa ajili ya kamera. Vipimo vya GPS vifutwe kwenye picha kabla ya kurushwa, maana wachimbaji wa magendo nao wana televisheni.

Wako,
Wafuatiliaji wa visukuku vya Ruhuhu