Barua ya wazi kwa Waziri wa Michezo: mbio za magari zina mafundi, tunaomba raundi moja Dodoma

Mheshimiwa Waziri shikamoo, na kwa wenyeji wetu Wagogo mbukwenyi. Mimi ni fundi tairi hapa Kizota, pembeni ya barabara ya kwenda Singida, huu mwaka wa 14 nipo kwenye kazi hii. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu hili jambo sio langu peke yangu, ni la vijana wengi sana wenye mikono mieusi kwa grisi kuanzia hapa mpaka Chang'ombe na Majengo.

Ombi lenyewe nalisema mapema. Naomba ukae na wenzetu wa AAT, chama cha magari cha Tanzania, muilete raundi moja ya mbio za magari za taifa hapa Dodoma, ianzie hapa na iishie hapa, na kwenye eneo la sevisi, pale magari yanapotengenezwa katikati ya mbio, vijana wa gereji za mtaani na wa VETA (vyuo vya ufundi stadi) waingizwe ndani wafanye kazi, sio wasimame nje ya kamba kama watazamaji. Iringa wana Mkwawa Rally yao na jina limeshatoka nje ya nchi, kutoka hapa unapita Mtera tu umefika, sasa na sisi tunatamani.

Watu wakisikia mbio za magari akili yote inaenda kwa dereva. Mi naangalia tairi, ndo kazi yangu. Kuna mbio moja huwa naziangalia kwenye simu nikiwa sina mteja, nimezirudia mpaka vijana wangu wamezikariri. Ni Adelaide kule Australia, tarehe 26 Oktoba 1986, mbio za mwisho za msimu wa Fomula Wani. Watu 3 bado walikua wanaweza kuchukua ubingwa wa dunia, Nigel Mansell ana pointi 70, Alain Prost 64, Nelson Piquet 63, na Mansell alikua anahitaji kumaliza nafasi ya 3 tu abebe kombe. Mizunguko 82, barabara za mjini, pembeni kuta.

Keke Rosberg akakaa mbele. Kufika mzunguko wa 32 Prost akapata pancha ikabidi aingie piti, pale pembeni ya njia gari linapohudumiwa, kubadilisha, akapoteza muda, na yeyote aliyekua anaangalia aliona huyu ndo basi tena. Sasa hapa ndo napapenda. Mafundi wa Goodyear, kampuni iliyotengeneza tairi, wakazichukua zile tairi alizovua wakazipima, wakaona hazijalika sana, wakaziambia timu kwamba tairi zinafika mwisho bila kubadilisha. Kwa hiyo wenzake wakaendelea kukimbia na tairi zilezile walizoanza nazo asubuhi... yaani tangu mwanzo wa mbio.

Mheshimiwa mimi kama fundi naona kosa lilipo. Prost ni dereva mpole kwenye tairi, walikua wanamuita Profesa, gari analipeleka taratibu kwenye kona halafu muda unatoka mzuri tu, sasa ukipima tairi la mtu kama huyo huwezi kulitumia kumjibia mwingine anayelitesa gari. Kila dereva ana mguu wake.

Mzunguko wa 63 Rosberg akasikia mlio nyuma akajua injini imekufa, akasogea pembeni akazima gari. Kushuka kuangalia, kumbe ni tairi, mpira wa juu umebanduka unapiga bodi! Injini nzima haina tatizo. Haijakaa sawa, Mansell naye yuko kwenye mnyoofu spidi kama 290 hivi kwa saa, tairi la nyuma kushoto likapasuka, cheche zinaruka chini ya gari, gari linayumba huku na huku yeye anapambana na usukani mpaka akalisimamisha salama. Ubingwa umeondoka. Timu ya Piquet, na yeye ndo alikua kashika uongozi, ikaogopa yasimkute yaleyale ikamuita piti abadilishe, na walifanya sahihi kabisa, mimi ningekua pale ningemuita pia. Prost ambaye tairi zake zilikua mpya zaidi kwa sababu ya ile pancha akapita mbele, Piquet akamkimbiza mpaka ikabaki kama sekunde 4, na kompyuta ya Prost ilikua inamwambia mafuta hayatoshi. Alivyovuka tu mstari akasimamisha gari akaruka nje. Bingwa wa dunia, kwa sababu alipata pancha.

Nikiiangalia ile huwa nakumbuka siku moja kaja mtu na Kosta imejaa abiria, anaelekea Singida, anataka upepo tu. Nikapitisha kiganja kwenye ubavu wa tairi la nyuma la ndani, kule ambako macho hayafiki, nikakuta nundu ndogo, kama nusu ya limao hivi, ukiibonyeza inarudi. Kwa nje tairi linang'aa, kashata zake, yaani meno ya juu, bado ndefu. Nikamwambia bosi hapa waya zimeshakatika ndani hili halifiki hata Manyoni, akasema lina miezi 3 tu na abiria wanalalamika. Tukabishana mpaka mama mmoja abiria akashuka akaja akagusa mwenyewe, akarudi akawaambia wenzake, wakashuka wote wakakaa kwenye kivuli cha mwarobaini mpaka tukabadilisha. Dakika 20. Hiyo ndo piti yetu sisi, na maamuzi ni yaleyale ya Adelaide, unasimama au unaenda.

Na sio mbio moja hiyo. Monaco mwaka 1996 mvua ilinyesha, Michael Schumacher kagonga mzunguko wa kwanza, Damon Hill anaongoza injini ikafa, Jean Alesi akashika uongozi gari likaharibika naye nje, na Olivier Panis aliyeanzia nafasi ya 14 na gari la Ligier akaingia piti kuweka tairi za ukavu kwa wakati muafaka, akashinda. Waliovuka mstari wakiwa wanakimbia ni 3 tu. Na huku kwetu Safari Rally, ile iliyoanza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, mwaka 1963 na 1968 magari yalioanza ni zaidi ya 80 kila mwaka na yaliyomaliza ni 7. Saba! Matope, mawe, springi zimekatika. Dereva hodari walikua wengi, gari zilizobaki nzima ndo zilikua chache.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike simu niandike. Nilisafiri na vijana wangu 2 kwenda kuangalia mbio za magari, mkoa sitautaja wala waandaaji sitawataja. Tukasimama karibu na eneo la sevisi. Kwenye rali gari likiharibika njiani dereva na msoma ramani wanatengeneza wenyewe kwa vifaa walivyobeba, mafundi wanaruhusiwa kuligusa kwenye sevisi tu na muda ni wa kuhesabu, ukichelewa kutoka kila dakika unaongezewa sekunde 10. Gari moja likaingia na pancha, yule kijana aliyepewa kufunga gurudumu alikua na haraka, akaiwasha bunduki ya nati kabla hajaishika nati kwa vidole, ikaingia kombo. Sisi tulisikia. Ukiwa fundi ule mlio unaujua, nati inayoingia sawa inaimba na inayoingia kombo inakwaruza. Kijana wangu akapiga kelele "rudisha, rudisha!", mlinzi akaja akatusukuma akasema nyie wa mtaani rudini nyuma ya kamba. Stadi, ile skrubu inayoshika nati, ikakatika. Dakika zikaenda, gari likatoka na nati pungufu, baadae tukasikia limejitoa. Njiani kurudi kijana wangu hakuongea mpaka tulipokaribia nyumbani.

Huyo kijana, Mheshimiwa, hajamaliza form two (alitoka kidato cha pili, ada ilikosekana) lakini mpe Noah, jeki 2 na wenzake 5, wanavua na kufunga magurudumu yote 4 kwa dakika 2 na sekunde 40, spana za mkono, hakuna bunduki ya upepo. Najua McLaren mwaka 2023 kule Qatar walibadilisha kwa sekunde 1.80, ila wale wanakua watu kama 20, kila gurudumu lina watu 3, mmoja na bunduki, mmoja anavua, mmoja anaweka, na wanafanya mazoezi hayo mamia ya mara. Mazoezi tu. Vijana wangu wanajifunzia kwenye vumbi jioni wateja wakiisha.

Eneo tunalo. Viwanja vya Nanenane pale Nzuguni, Agosti ikipita pana nafasi ya kutosha kabisa kuweka sevisi, kuna barabara ya lami ya kufikia na stendi kuu ipo jirani wageni wanashuka hapohapo. Njia za vumbi za kukimbilia tunazo upande wa Kondoa, Mpwapwa, Chamwino, makorongo ya mchanga na mawe, mbio zake zitakua ni za nani gari lake limetunzwa vizuri. Na VETA wana ule utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa mafundi waliojifunzia mtaani, basi waje palepale wawapime vijana wakiwa kazini na cheti kitoke. Sisi hatuombi hela, vifaa tutakuja navyo wenyewe, tunaomba vitambulisho vya kuingilia ndani ya kamba.

Mheshimiwa, ofisi yako ipo Mtumba, kutoka huko mpaka Kizota hata foleni ikiwepo sio mbali. Jumamosi yoyote kuanzia saa 10 jioni vijana wapo. Njoo na gari lako, dereva wako ashike saa.

Fundi tairi,
Kizota, Dodoma.