Barua kwa wanangu wa Jumamosi, Magomeni

Wanangu,

Marahaba. Najua mmeshaniamkia kabla hamjaikunjua karatasi. Jicho la kulia linaendelea vizuri, la kushoto daktari anasema lingoje zamu yake. Miezi mitatu ya mtoto wa jicho ni mirefu kwa mtu aliyezoea kushinda na sindano mkononi, na siku niliporudi kwenye kikundi chetu cha kudarizi nilikuwa kama niliyefunguliwa dirisha, naona kila kitu. Siku ile sikusema. Nilikula visheti vyenu nikaondoka. Leo nasema, tena naandika wazi, ili na wenzenu wanaodarizi huko Temeke na Kigamboni wasome, maana nimepita kwao pia na ugonjwa ni mmoja.

Nilihesabu mawaridi. Mezani palikuwa na foronya, vitambaa vya makochi na mfuko mmoja wa sokoni, jumla vipande kumi na kimoja. Vinane vilikuwa na waridi. Waridi lile lile, limeinama upande ule ule, na tone la umande kwenye jani la kushoto. Nikauliza limetoka wapi, nikaonyeshwa simu. Kipande cha tisa kilikuwa na nyumba yenye dohani, na theluji juu ya paa. Aliyekishona ni binti yetu wa Mbagala, ambaye mkono wake ni mwepesi kuliko wangu nilipokuwa na umri wake. Theluji ameijaza kwa uzi mweupe, mstari kwa mstari, hakuna pengo. Nikamwuliza: theluji ikianza kuyeyuka, inaanzia pembeni au katikati ya paa? Akacheka. Hajui, na mimi sijui. Basi tukabaki tunakisifu kitambaa kwamba kimeshonwa vizuri, na sifa yenyewe ikaishia hapo.

Simu siitukani. Imewafundisha kwa mwezi mmoja mishono ambayo mimi niliihangaikia mwaka mzima nikichungulia juu ya bega la shangazi yangu. Chukueni mshono. Picha iacheni huko huko.

Kuna mtu alifanya kazi yake katika mji huu huu. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapa Dar mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli, juu ya vipande vya bodi za ujenzi. Akafariki mwaka 1972, kwa hiyo hesabuni wenyewe ni miaka mingapi. Wanyama wake ukiwaona tu unajua ni wake, na leo wachoraji wengi wanakula kwa jina lake. Angeamua kunakili milima ya Ulaya kutoka kwenye kalenda ya ukutani, nani angemkumbuka?

Mtaniuliza, bibi, sasa tushone nini? Anzeni na kanga. Msiivae, itandikeni chini muisome. Kuna pindo pande zote nne, kuna mji katikati, kuna jina chini ya mji. Tazameni jinsi pindo lilivyo zito na mji ulivyoachiwa nafasi. Mchoraji alijua kanga itafungwa kifuani, itakunjwa, itabebewa mtoto, itafunikwa kichwani, na hakuna atakayeiona yote kwa mara moja isipokuwa siku ya kuanikwa. Ndiyo maana pindo linapendeza hata likionekana nusu. Sasa rudini kwenye foronya zenu. Waridi mmeliweka katikati, mahali anapolaza mtu shavu. Usiku linamkwaruza, mchana limefunikwa na mto mwingine. Kazi ya foronya ikae ukingoni. Hilo hamkuhitaji kufundishwa na mimi, liko kwenye kanga ambayo kila mmoja wenu alikuwa amejifunga siku ile.

Pili, nendeni feri, kwenye soko la samaki. Nendeni alfajiri, kabla jua halijawa kali, maana samaki akishakufa rangi zake hazingoji mtu. Mtafuteni pono. Simameni mbele yake, na muuzaji akiwakasirikia kwamba mnamzibia wateja, nunueni japo mmoja. Mgongo wake una kijani ambacho pembeni kinageuka kuwa buluu, na kwenye ukingo wa gamba kuna mstari wa waridi (hilo waridi nalikubali). Niliporudi nyumbani nilijaribu magamba yale kwa mshono wa mnyororo, nikaona yanakwenda kama kamba, hayana uhai. Nikafumua. Mara ya pili nikashona kitanzi kimoja kimoja, nikakishikiza kichwani kwa mshono mdogo wa uzi wa rangi nyingine, na kila safu nikaianzia katikati ya vitanzi viwili vya safu ya juu, kama vigae vya paa. Pale samaki akageuka. Nilitumia nyuzi mbili tu kati ya zile sita zilizosokotwa pamoja kwenye uzi wa kudarizi. Mkitumia zote sita gamba linakuwa kifungo cha koti.

Na uzi usizidi dhiraa, jamani. Naona mnakata mrefu kwa uvivu wa kutunga tena sindano. Ukiwa mrefu unapita kwenye kitambaa mara nyingi, unatoka manyoya, na kwa joto letu hili na jasho la vidole unafika mwisho umechakaa kabla kazi haijafuliwa hata mara moja.

Kuhusu kufua, nina aibu yangu ya kuwasimulia. Nilidarizi kitambaa cha meza kwa ajili ya arusi ya mdogo wangu, pamba nyeupe, maua ya mkungu kwa uzi mwekundu wa bei rahisi. Wiki nane. Nikakifua usiku wa kuamkia arusi ili kinukie vizuri. Asubuhi kilikuwa na madoa ya pinki kila ua lilipokutana na jingine, kama mtoto aliyemwaga shira. Sikukibeba. Nilinunua seti ya glasi Kariakoo mbio mbio, na mpaka leo mdogo wangu anasema glasi zile zilikuwa zawadi ya mtu asiyemjua. Tangu siku hiyo, uzi wowote mwekundu naulowesha, naubana ndani ya kitambaa cheupe kilicholowa, napitisha pasi ya moto. Ukiacha alama, naurudisha dukani au naufanya wa kupigia bandi, ile mishono ya muda inayofumuliwa baadaye.

Sasa la tenda. Mnakumbuka ile hoteli, siitaji, iliyotuagiza vitambaa vya mkono themanini vya tembo. Tembo mmoja, wa pembeni, wa kijivu. Tuliimba siku tuliyopata kazi ile. Baada ya wiki mbili Jumamosi ikawa kimya, hakuna hadithi, hakuna anayeuliza mwenzake ameshona nini, maana sote tulikuwa tunashona tembo. Malipo yakachelewa mpaka tukagombana wenyewe kwa wenyewe, na wawili hawakurudi. Mmoja wao ndiye aliyekuwa anajua kutia vitundu vya kofia. Utaalamu ule umeondoka naye, na hela zilishaliwa zamani.

Sikatazi tenda. Kodi ya chumba inalipwa kwa hela, na Sabasaba kila mwaka wateja wapo. Ila kazi ya kuagizwa ifanyiwe nyumbani, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na mtunza hazina achukue nusu ya malipo kabla sindano haijagusa kitambaa. Jumamosi msiilete mezani. Jumamosi kila mtu aje na kitu ambacho hakijaagizwa na mtu. Mkilikubali hilo moja tu, haya mengine yote mnaweza kuyatupa.

Kuna jambo dogo. Yule kijana aliyekuja mara mbili na kofia yake nusu, nasikia alichekwa. Nani alicheka? Lamu wanaume hukaa barazani wakidarizi kofia, na wala hakuna anayewauliza. Tumeni mtu akamwite. Kofia nzuri ya mkono huchukua wiki nyingi, na mtu mwenye subira hiyo tunamhitaji sisi kuliko yeye anavyotuhitaji.

Jumamosi hii nakuja, Mungu akipenda. Nitabeba kanga ya kisutu ya marehemu mama yangu, ile nyekundu na nyeusi na nyeupe aliyovaa arusini kwake, mtaishika lakini kwa mikono iliyonawa. Atakayewahi asogeze meza dirishani. Na wewe binti wa Mbagala, njoo na penseli. Nimekumbuka ulisema mvua za masika nyumbani kwenu huwa mnapanga ndoo tatu chini ya bati, na ile ya katikati ndiyo hujaa kwanza. Nataka unichoree bati hilo, na kutu yake inapoanzia.

Bibi yenu.