Tunachangia mtaro, nyavu zitasubiri

Ndugu majirani, na ninyi watoto wa mtaa huu mliotawanyika Dar, Dodoma, Tunduma na kwingineko, shikamooni wakubwa, habari zenu wengine.

Tunaomba hela ya mtaro wa uwanja wetu wa michezo hapa Mbeya. Tunajua mtaro hauna mvuto. Aliyechangia magoli ya chuma hupiga nayo picha, aliyechangia mtaro anaachiwa shimo lenye mawe. Lakini mwaka jana tulinunua nyavu mpya kwa mbwembwe zote, mpaka keki ikakatwa, na ilipofika Machi zilikuwa zinaning'inia juu ya dimbwi ambalo bata wa jirani walishalihamia. Safari hii kamati ya uwanja imeanza upande mwingine.

Tulianza kwa kuhesabu. Jumatano moja na Jumamosi moja tulipeana zamu chini ya ule mkaratusi, daftari mkononi, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi giza. Tuliandika nani kaja, kafanya nini, na kwa nini kaondoka. Hiyo safu ya tatu ndiyo iliyotufumbua macho. Mabinti wa netiboli walifika saa kumi jioni, mpira wameufunga kwenye khanga, wakakaa ukingoni. Vijana wa chandimu walimaliza saa kumi na mbili na robo. Mabinti wakaingia, wakacheza robo saa, mpira ukaanza kupotea gizani, wakaenda kupika. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 autumikishe mwili walau dakika 60 kila siku. Wale walipata 15, baada ya kungoja zaidi ya saa mbili.

Kulikuwa na mzee mmoja, kaambiwa kliniki atembee kwa ajili ya sukari. Alizunguka mara tatu, na kila akifika kona ya chini aligeuza, kwa sababu pale pana korongo lililochimbwa na maji. Kulikuwa na mama anayesukuma mwanawe kwenye kiti cha magurudumu, naye aliishia hapohapo kwenye korongo, akasimama kidogo akitazama mpira, akarudi. Bodaboda waliokatisha golini tuliacha kuwahesabu.

Kisha tukapima. Fundi wetu alileta mpira wa levo, ule wa plastiki unaojazwa maji, akatuonyesha kwamba kona ya juu na kona ya chini zimepishana karibu mita moja na nusu. Ndiyo maana kila mechi ya ndondo hapa huanza na ugomvi wa nani atashambulia kwa kushuka! Maji yote yanayotelemka kutoka upande wa mlima Loleza yanaingilia kona ya juu, yanapasua uwanja katikati, yanatokea kwenye korongo la mzee. Tukiweka nyasi, taa au magoli kabla ya kuyazuia maji hayo juu, tutakuwa tunayapelekea zawadi.

Eneo lote ni mita 110 kwa 62. Vijana wamezoea kulitumia lote, nasi tukawaambia sheria za soka zinakubali uwanja wa mita 90 kwa 45. Ilikuwa jioni ndefu. Wengine walitukumbusha msimu wa 2013/14, Mbeya City walipopanda ligi kuu na kumaliza nafasi ya tatu, wakauliza kama nyota wa kesho watatoka kwenye kiwanja kilichokatwa. Jibu lilitolewa na mama muuza maparachichi pale getini: vijana wenyewe wakiwa sita kwa sita hutumia nusu tu, zile mita ishirini wanamlindia nani? Wakacheka, wakakubali. Mita hizo za juu zinatosha kiwanja cha netiboli, ambacho ni mita 30.5 kwa 15.25, na nafasi ya kupita inabaki. Ukanda wa pembeni utakuwa njia ya kutembea, iliyoshindiliwa moramu, ya mzee na ya kiti cha magurudumu. Mabinti hawatamngoja mtu tena.

Kuna jambo la mipaka pia. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 385,279 katika jiji letu, ya 2022 ikawakuta 541,603. Watu hao wanajenga, na kiwanja kisicho na alama huonekana kama kiwanja kisicho na mwenyewe. Pale tulipochezea sisi utotoni, nyuma ya mashine ya kusaga, leo pana ukuta na geti jekundu. Hakuna aliyeuliza hadi matofali yaliposhushwa. Eneo letu la sasa limeandikwa la wazi kwenye mchoro wa mipango miji. Mchoro uko ofisini, bikoni, zile alama za mipaka, hazipo ardhini. Tunataka zipandwe kabla ya jiwe la kwanza la mtaro.

Hesabu yenyewe: mtaro wa mawe mita 120 pamoja na kalavati, milioni 7.2. Greda na mafuta yake, milioni 2.4. Kiwanja cha netiboli na njia, milioni 1.5. Upimaji na bikoni, laki 9. Jumla milioni 12. Mtaa umeshachanga milioni 2.3, nyingi zikiwa elfu tano tano za kila kaya, na kuna bibi aliyeleta sarafu kwenye kopo la maziwa. Zimebaki milioni 9.7.

Mmetuuliza kwa nini tusiende kwenye ile asilimia kumi ya halmashauri. Ile ni mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na mkopo una marejesho. Mtaro hauuzi chochote.

Namba ya akaunti imebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa. Mlio mbali, mwombeni ndugu yenu aisome pale, msitume kwa namba inayozungushwa kwenye simu. Watia saini ni watatu, mmoja wao kocha wa netiboli. Kila Jumamosi matumizi yataandikwa kwenye ubao huohuo, hadi msumari. Asiye na fedha alete gari la mawe, mfuko wa saruji, au siku moja ya mgongo wake. Fundi anasema mawe ya mtoni yaliyolainika hayashiki vizuri, kwa hiyo tafadhali yaliyopasuliwa.

Harambee itafanyika uwanjani penyewe, Jumapili ya kwanza baada ya Nane Nane, watu wakishatoka makanisani. Tumechagua Agosti kwa sababu mvua zetu hubisha hodi Novemba, na mtaro uliofikishwa nusu ni mbaya kuliko kutokuwa nao: unayakusanya maji na kuyamwaga mahali pamoja, nyumba tatu za chini zinajua. Kesho yake, Jumatatu, uchimbaji unaanza saa moja asubuhi. Njoo na jembe au sururu, na sweta, maana baridi ya Mbeya haitakuwa imeisha. Kina mama wa mtaa wamesema uji utakuwepo. Ndaga fijo, asanteni sana.